Grinda tupu haisemi kitu: kwa vijana wapya wa benchi letu

Juzi kijana mmoja mpya hapa kwetu Kampala kapewa grinda ya mkono ya kusagia kahawa, ya sampuli, meno ya koni (koni ya chuma inayozunguka ndani ya pete yenye meno), shafti imekaa kwenye beringi mbili, kitu kizuri tu. Akaishika, akazungusha mpini ikiwa tupu kabisa mara kumi hivi, kafumba macho kama mtu anasikiliza taarabu, halafu akasema "hii ni smuuzi, hii imeshinda." Imeshinda nini ssebo? Hata punje moja haijaingia! Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, lakini moyo uliniuma maana huyo kijana ndo mimi wa miaka ile, tena mimi nilimlipisha mtu mwingine.

Basi nawaandikia. Kazi ya kupima grinda mnaijua, siwafundishi hata kile kichujio cha kahawa cha V60 ni nini.

1. Grinda tupu haisemi kitu. Beringi nzuri inazunguka vizuri hata kwenye mwili mbovu. Ukitaka kujua jambo kabla ya kahawa, paka meno ya koni wino wa maka, kaza taratibu mpaka meno yaanze kugusana, zungusha kidogo, fungua uangalie wino umefutika wapi. Kama umefutika upande mmoja tu, koni haijakaa katikati, na hapo hata uwe barista wa aina gani utapata vumbi na mapande kwenye kikombe kimoja, uchungu na uchachu wanagombana humo ndani.

2. Badilisha kitu kimoja. Kimoja! Hii najua mmeisikia mpaka mmechoka, na mimi nilikuwa nimeisikia pia.

Kuna fundi wa Katwe, hapa hapa Kampala, mkereza vyuma, mtu mzima mwenye heshima zake, alikuja na wazo. Wakati huo tulizoea meno ya kipenyo cha milimita 38. Yeye akasema tuweke 48, na kwa vile itakuwa nzito kuzungusha, mpini tuurefushe, na mwili bila shaka utanenepa. Ukilisikia linaingia akilini, koni kubwa inameza punje nyingi kwa mzunguko mmoja na mpini mrefu unapunguza uzito. Akachonga moja, akaniletea kwa boda imefungwa kwenye gazeti kama samaki.

Sasa sikieni nilivyofanya. Grinda ya zamani nilikuwa nimeipima wiki iliyotangulia na kahawa ya arabika ya Sipi, kule mlima Elgon, imekaangwa kidogo tu, zile punje zinazolia kama changarawe. Siku hiyo arabika ilikuwa imeisha, nikaona uvivu kungoja nyingine, nikachukua robusta ya dukani iliyokaangwa mpaka inang'aa mafuta, unaivunja kwa meno kama njugu. Gramu 20, simu mkononi ya kuhesabu sekunde. Nusu ya muda! Banange, niliruka. Koni mpya, mpini mpya, mwili mpya, kahawa nyingine kabisa, na juu ya hayo mkono ni wangu mimi niliyebeba magunia ya kahawa ujana wote. Nikamwambia "mzee, chonga." Akachonga 30. Alumini alinunua kwa pesa ya fiizi ya watoto na nilijua, maana aliniambia, na bado nikamwambia chonga.

Tukapanda Sipi na tatu za kuonyesha watu. Mama mmoja mwenye shamba akatukaribisha, kahawa yake mwenyewe, kaikaanga kidogo vile wageni wanavyopenda. Akamimina, akashika, akazungusha. Mpini ukaganda hapo hapo, na mwili wa grinda ukazunguka ndani ya kiganja chake. Akakaza, ukateleza tena. Nikaangalia vidole vyake, vilikuwa vimefika nusu ya lile pipa, kidole gumba kiko mbali huko kama hawajuani. Akaibana katikati ya magoti kwa leso, ikapinda, mpini ukampiga goti. Akamwita mwanawe aje ashike, ikawa watu wawili wanasaga kahawa ya mtu mmoja, na fundi wangu amesimama pembeni anaangalia viatu. Mwisho mama akatutazama kwa upole, ule upole unaouma kuliko matusi, akasema "wanangu, kinu changu mimi hakizunguki," akavuta kinu na mchi akatwanga. Alimaliza, akachemsha, na grinda yetu bado inatafuna zile gramu 20.

Kurudi Mbale kwenye taksi hakuna aliyeongea. Mimi nilikuwa napiga hesabu ambayo ningeipiga kabla. Punje inapokatika, nguvu ile ile inayozungusha koni inataka kuzungusha na mwili, na kuna mkono lazima uuzuie. Mpini mrefu unausaidia mkono unaozungusha peke yake, ule ulioshika mwili haupati nafuu hata chembe, weka mpini wa mita nzima kama unataka. Meno makubwa, punje ngumu, mwili mpana tena umesuguliwa ukawa laini kama glasi, mzigo wote unamwangukia aliyeshika. Sikuuona kwa sababu robusta yangu ilikuwa imelainika na kiganja changu ni sahani. Tulizivalisha mpira wa tyubu ya baiskeli, zikaacha kuteleza kiasi, zikauzwa kwa hasara mojamoja.

Kwa hiyo mkipima: ya zamani na mpya siku moja, kahawa ya kopo moja, uzito mmoja, ngumu halafu laini, na mikono mitatu ambayo si yako, mmoja uwe mdogo.

3. Meno mapya yasagieni kilo moja mbili za kahawa iliyochacha kabla ya kuandika namba yoyote, yanabadilika.

4. Kliki, ule mlio wa kila hatua unapokaza au kulegeza meno, si kipimo cha dunia nzima. Grinda ya Comandante C40 kliki moja ni kama maikroni 30, nyingine ni nusu ya hapo au chini, na hiyo ni koni inavyopanda na kushuka, nafasi kati ya meno ni hadithi nyingine kutegemea mlalo wa koni. Ukiniandikia "nilisaga kliki 22" bila jina la grinda nitakurudishia karatasi, na wiki hii nimerudisha nne.

5. Vumbi likinata kwenye kikombe cha chini msilaumu muundo mara moja, tone la maji kwenye punje kwanza. Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, walilichunguza na kulichapisha 2023, maji yanapunguza ule umeme wa kusuguana. Nimeona mtu kabuni kikombe kizima cha bei kutibu kitu ambacho tone lingetibu.

6. Kabla hujasema wazo ni jipya, uliza wazee. Peugeot, hao hao wa lile gari la 504 lililobeba babu zenu safari ndefu, walikuwa wanatengeneza visagio vya kahawa tangu 1840, gari bado halijazaliwa. Droo ya chini, mpini wa kukunjwa, kisagio cha kubana kwa magoti, watu walishapita huko. Sisemi msibuni. Nasema msije kunionyesha droo mkiita mapinduzi.

Fundi bado tuko naye. Ameweka moja ya zile 30 juu ya meza yake pale Katwe, anatia kalamu na misumari. Kila nikipeleka sampuli hanisalimu kwanza, anauliza "umekuja na kahawa gani?" na lazima nitoe pakiti anuse, avunje punje moja kwa meno, isikike imelia, ndo anavuta stuli.