Nahau za Kiingereza zenye boti na samaki

Anayejifunza Kiingereza Mwanza huteleza kwenye nahau za boti na samaki kwa sababu vitu vyenyewe anaviona kila siku. Ukiwa gatini Kamanga ukasema "I missed the boat", watu wataelewa kwamba kivuko kimekuacha. Ofisini, maneno hayo hayo ni kupitwa na nafasi: muda wa kuomba kazi umekwisha, kiwanja kimeshanunuliwa. Ukimaanisha kivuko, sema "I missed the ferry", mgeni asibaki anajiuliza.

"Fishy" ina hatari zaidi. Mnunuzi akishika stakabadhi pale Mwaloni Kirumba akasema "something smells fishy", hazungumzii sangara wako, anakushuku. Hesabu hazijakaa sawa machoni pake. Usihangaike kumweleza kwamba mzigo umetoka ziwani asubuhi. Rudieni kupima, kilo kwa kilo. Na samaki wako mwenyewe mwite "fresh", maana samaki akiitwa "fishy" ana shombo.

Sasa "I have bigger fish to fry", yaani nina jambo kubwa zaidi la kushughulikia. Maana yake wengi wanaijua, ila umbo lake wanaliharibu. Kinachobadilika ni "have" tu, kufuata nafsi na wakati: "she has", "we had". Wapo wanaosema "other" badala ya "bigger", nayo ni sahihi. Lakini "fry" haiguswi. Ukiweka "roast" kwa kuwa sato wako ni wa kuchoma, nahau imekufa na msikilizaji anaona jiko. Kiswahili nacho ni hivyo hivyo: "amevunja ungo" ni binti aliyebalehe, ila "ameuvunja ungo" ni mtu aliyeharibu chombo cha kupepetea. Silabi moja imeondoa kila kitu.

Kwa hiyo daftarini usiandike nahau na tafsiri yake peke yake. Andika sentensi nzima, pigia mstari neno linalobadilika, kisha pembeni andika inaambiwa nani. Hiyo pembeni ndiyo inayookoa heshima. "Kick the bucket" ni kufa, lakini kwa mzaha. Kwa mfiwa sema "passed away", kama sisi tunavyosema ameaga dunia. "Under the weather" ni kutojisikia vizuri kidogo, usiitumie kwa mgonjwa aliyelazwa Bugando hajitambui. "Drinks like a fish" ni mlevi. Muongoza watalii anayemsifia hivyo mgeni aliyemaliza chupa ya maji kisiwani Saanane amemtukana bila kujua.

"It's raining cats and dogs" tulikaririshwa wengi shuleni, na si kosa, ila imechakaa. Masika yakimwaga, "it's pouring" inatosha.