Plasta imetoka, kifundo hakikunjiki: nianze na zoezi gani?

SWALI: Niliteguka kifundo cha mguu wa kulia uwanjani. Picha ilionyesha mfupa uko salama, nikafungwa POP (plasta ngumu) wiki nne. Imetolewa siku sita zilizopita. Nakanyaga lakini nachechemea, jioni mguu unavimba, na chooni siwezi kuchuchumaa. Shangazi ananichua kigimbi kwa maji moto kila usiku. Mpira nitarudi lini?

JIBU: Pole sana, ndugu. Tuanze na shangazi: mwambie kwa heshima asitishe. Mguu uliofungwa wiki kadhaa unaweza kuganda damu ndani ya mishipa ya kigimbi, na kuchua kwa nguvu kunaweza kulisukuma bonge hadi kwenye mapafu. Kigimbi kikivimba kuliko cha pili, kikiwa cha moto na kinauma hata umekaa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukibanwa na pumzi au kifua kikichoma, usingoje hata saa moja. Uvimbe wa kifundo unaokuja jioni na kuisha usiku ni jambo jingine. Huo hutokana na misuli iliyosahau kusukuma damu kurudi juu. Lala, inua mguu juu ya usawa wa moyo dakika 15, huku ukipeleka unyayo mbele na nyuma mara 30.

Kuchuchumaa kunakataa kwa sababu kigimbi kimefupika na mfuko wa kiungo umekakamaa, hasa kama ulifungwa vidole vikielekea chini. Pima hivi: peku, simama ukitazama ukuta, peleka goti liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka. Rudisha unyayo nyuma kidogo kidogo hadi mahali pa mwisho goti linapofika, kisha pima kwa rula kutoka kidole gumba hadi ukutani. Mguu mzima ukitoa sentimita 10 na huu 3, una pengo la 7 la kuziba. Zoezi ni kipimo hichohicho: goti mbele, tulia sekunde 2, rudi, mara 15, seti 3, asubuhi na jioni. Goti lielekee kidole cha pili. Likikimbilia ndani, unyayo unalala, goti linagusa ukuta na wewe unafurahi bure, kumbe kifundo hakijakunjika. Mvuto nyuma ya kigimbi ndio tunaoutaka. Ukihisi kubanwa mbele ya kifundo, punguza umbali. Chooni, kwa sasa weka kibao cha sentimita 3 chini ya visigino.

Gongo, kama bado unalo, lishike mkono wa kushoto. Wengi hulishika upande wa mguu mbovu, mwili wote ukalalia huko. Piga hatua fupi, wala usigeuze vidole nje ili kukwepa ugumu. Tabia hiyo huhamia kwenye goti.

Nguvu: shika meza, nyanyuka kwa vidole vya miguu yote miwili, shuka kwa sekunde 3, mara 12, seti 3. Ikiwa rahisi, nyanyuka kwa miwili, shuka kwa mmoja. Halafu mmoja peke yake. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, funga kwenye mguu wa meza, pitisha kwenye unyayo, vuta kuelekea nje mara 15, seti 3. Misuli hiyo ya pembeni ndiyo inayoudaka mguu unapotaka kupinduka.

Kisha simama kwa mguu huo mmoja sekunde 30, karibu na ukuta, baadaye macho yakiwa yamefumbwa. Hili watu hulidharau, ndiyo maana wanateguka tena palepale: ligamenti (nyuzi zinazoshikanisha mifupa ya kiungo) ikichanika, taarifa za kiungo kwenda kwenye ubongo nazo huvurugika.

Maumivu yasizidi 3 kati ya 10, na asubuhi yake kifundo kisiwe kigumu kuliko jana. Kikiwa kigumu zaidi, punguza idadi nusu, usiache kabisa.

Mpira: usihesabu siku. Pengo kati ya miguu miwili kwenye kipimo cha ukutani lishuke chini ya sentimita 1, unyanyuke kwa mguu mmoja mara 20 au sawa na mwenzake, na uruke kwa mguu huo bila kuogopa. Anza kukimbia moja kwa moja, wiki inayofuata kata kona, kukabana mwisho kabisa. Miezi ya mwanzo vaa kishikizo cha kifundo cha kufunga kwa kamba, hata mazoezini.