Tasnifu ya Kichina kuhusu TAZARA: nitaipataje nikiwa Dodoma?

Swali: Ndugu mkutubi, naandika tasnifu ya uzamivu kuhusu wafanyakazi wa reli ya TAZARA. Kwenye makala moja nimekuta rejeo la Kichina, na baada ya kichwa chake pana alama [D]. Nimeitafuta CNKI, kanzidata kubwa ya maandiko ya kitaaluma ya China: ikisiri naiona, lakini nikibofya kupakua nadaiwa akaunti ya taasisi, na chuo chetu hakina. Rafiki yangu anayesoma Ulaya chuo chake kinailipia, naye kajaribu kashindwa. Tatizo ni mtandao? – Mtafiti, Dodoma

Jibu: Ndugu yangu, mtandao wako hauna kosa. Tatizo liko kwenye hiyo [D].

Katika marejeo ya Kichina kila andiko hupewa herufi inayotaja aina yake. [J] ni makala ya jarida, [M] kitabu, [N] gazeti, [C] mada za kongamano, na [D] ni tasnifu ya chuo, iwe ya uzamili au uzamivu. Mwezi Machi 2023, CNKI iliviarifu vyuo na maktaba za nje ya China kwamba kuanzia tarehe 1 Aprili baadhi ya huduma zingesitishwa, tasnifu zikiwamo, pamoja na mada za makongamano na vitabu vya takwimu za mwaka. Kwa hiyo chuo cha nje kinaweza kulipa ada yake yote, makala za majarida zikafunguka, na tasnifu ikabaki imefungwa. Bila shaka ndicho kilichompata rafiki yako.

Ushauri wangu ni huu: acha kuifukuza tasnifu, mfuate mwenye tasnifu. Wanafunzi wengi wa uzamivu kule huchapisha sehemu za utafiti wao kwenye majarida, na hiyo [J] inapatikana kwa urahisi zaidi. Kwenye kisanduku cha kutafutia, badilisha uga kutoka 主题 (mada) uweke 作者 (mwandishi), kisha bandika jina lake kwa herufi za Kichina. Usiliandike kwa herufi zetu: 王伟 na 王薇 wote husomeka Wang Wei, na utachanganya kazi za watu wasiojuana.

Usianzie CNKI lakini. Anzia NCPSSD, kanzidata ya taifa ya falsafa na sayansi ya jamii, iliyo chini ya Akademia ya Sayansi ya Jamii ya China. Unajisajili bure, na makala za majarida unazisoma bure. Nasikitika kila ninapokutana na mtafiti aliyelipia makala ambayo ipo pale. Akademia hiyohiyo ndiyo yenye jarida la 西亚非洲, yaani Asia ya Magharibi na Afrika, linalotoka tangu 1980. Kwa mada yako ningelipekua toleo baada ya toleo.

Sasa maneno ya kutafutia, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukiandika "TAZARA" utapata kidogo sana. Wachina wanaiita 坦赞铁路: 坦 ni herufi ya kwanza ya Tanzania kwa Kichina, 赞 ya Zambia, na 铁路 ni reli. Kuyapata maneno ya namna hii si lazima ujue Kichina. Fungua ukurasa wa TAZARA kwenye Wikipedia, hamia lugha ya Kichina, unakili kichwa cha habari. Angalia tu kisije na herufi za kale, 坦贊鐵路. Kwenye menyu ya ukurasa chagua 大陆简体 upate herufi rahisi zinazotumika China Bara. Kisha ongeza 援外, misaada kwa nchi za nje, na 尼雷尔, Nyerere. Makala nyingi zinazoigusa reli yetu hazitaji reli kwenye kichwa. Zimejificha chini ya neno misaada.

Ukipewa chaguo kati ya PDF na CAJ, chukua PDF. CAJ inataka programu yake, CAJViewer. Makala za zamani mara nyingi ni picha za kurasa, hivyo utahitaji programu ya kusoma maandishi kwenye picha kabla ya kutafsiri. Na tafsiri ya mashine itumie kuchagua cha kusoma, si kunukuu. Kila nukuu utakayoiweka kwenye tasnifu yako, mpe anayekijua Kichina aipitie.

Kuna watu mtandaoni wanauza akaunti za CNKI kwa bei ya kutupa. Usinunue. Nyingi ni nywila za wanafunzi wa vyuo zilizovuja, na kazi ya miaka minne haistahili doa hilo.

Njia iliyobaki ni kumwandikia mwandishi mwenyewe. Chini ya ukurasa wa kwanza wa makala nyingi za Kichina pana maneno 作者简介, wasifu mfupi wa mwandishi: chuo chake, cheo chake, mara nyingine na barua pepe. Mwandikie kwa ufupi, jitambulishe, mweleze unaandika kuhusu wafanyakazi wa reli ileile upande wa Tanzania. Mtu aliyetumia miaka akiisoma TAZARA kwenye nyaraka atafurahi kumsikia aliyekaa na wafanyakazi wenyewe, na huenda naye ana maswali ya kukuuliza.

Nitumie rejeo lote kama lilivyo, kwa herufi zake za Kichina. Jina la chuo liko baada ya jina la mji, mwishoni kabla ya mwaka. Nikilipata hilo na jina la mwandishi, nitakutafutia [J] zake wiki hii.