Msimwambie mama "mtoto akue kwanza"

Jumanne iliyopita, kliniki ya macho hapa Kisumu, nilikuwa nikipima presha ya jicho la mzee mmoja nikasikia mmoja wenu chumba cha pili akimwambia mama wa kichanga chenye weupe kwenye mboni: "Mama, huyu bado mdogo mno, mlete akifika mwaka." Mkono wangu ulisimama. Sentensi hiyo naijua, niliwahi kuitamka mwenyewe. Wadogo zangu, mnachapa kazi hata foleni ikifika getini na ninawapenda kwa hilo, ila hapa subira yangu inaisha.

1. Mboni nyeupe kwa mtoto ni rufaa ya siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

2. Rudieni habari ya paka. Najua mliikariri kwa mtihani: David Hubel na Torsten Wiesel, Nobel ya 1981. Walishona kope za jicho moja la paka mchanga, wakalifungua baadaye. Retina ilikuwa nzima, lakini kwenye gamba la ubongo karibu seli zote zilikuwa zimehamia jicho la pili. Paka mkubwa akifungwa jicho vivyo hivyo, hapati dhara hilo. Na walipofunga macho yote mawili, seli nyingi ziliendelea kuitikia kuliko walivyotarajia. Kwa hiyo shida si giza tu, ni mashindano ya macho mawili kugombea ubongo. Tangu tumboni, kabla ya mwanga wowote, retina hurusha mawimbi ya umeme, na nyuzi za macho mawili zilizochanganyikana huanza kujitenga katika thalamasi, kituo cha ndani ya ubongo zinakopitia habari za macho, kila jicho na tabaka zake. Baada ya kuzaliwa, anachokiona mtoto ndicho kinachoendeleza kazi: muunganisho unaotumika hukazwa, usiotumika hukatwa. Usipofungua kibanda chako soko la Kibuye, jirani atasogeza mitumba yake. Ukirudi baada ya mwaka ufunguo unao, pa kupanga mali hapapo.

3. Mwaka wangu wa kwanza kazini, mama alikuja kutoka upande wa Ahero na binti wa wiki 4. Jicho la kushoto lilikuwa na weupe katikati, la kulia safi. Nyanya ndiye aliyeuona, akimwogesha mtoto asubuhi mlangoni. Nilipima, nikapata jibu sahihi: mtoto wa jicho. Kisha nikafikiria nusu kaputi, nikafikiria uzito wa kile kichanga, nikaingiwa na huruma. "Akue kwanza, mama." Nikaandika tarehe kwenye kijitabu chake cha kliniki.

Alirudi tarehe ile ile. Hakuchelewa hata siku moja, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake mboni ilikuwa nyeusi, mama akapiga vigelegele wodini. Tukampa mtoto miwani, tukabandika plasta jicho la kulia. Akalia, akapapasa godoro, akimtafuta mama aliyekuwa mbele yake. Wiki baada ya wiki, vivyo hivyo. Mama akaniuliza, "Daktari, si mmeutoa ule weupe?" Nilikaa chini nikamweleza kwamba alifanya kila nililomwambia, na nililomwambia ndilo lililokuwa kosa. Akanyamaza, akafunga leso, akambeba mtoto. Binti huyo yuko shule ya msingi sasa, anasoma kwa jicho moja. Kila nikimwona nazihesabu zile wiki.

4. Jicho moja likizibwa kabisa na mtoto wa jicho tangu kuzaliwa, upasuaji ufanyike kabla ya wiki 6. Yakiwa mawili, muda huongezeka kidogo, si mwaka.

5. Zimeni taa mnapopima mng'ao wa retina, yaani mwanga wa tochi unaorudi kupitia mboni, na msingoje wekundu wa kitabuni. Kwa watoto wetu mng'ao huwa hafifu zaidi. Linganisheni kulia na kushoto.

6. Plasta: kwa jicho zembe la kiasi, yaani jicho ambalo ubongo haujazoea kulitumia vizuri, saa 2 kwa siku zinatosha kuanzia. Mweleze mama kwa nini unafunga jicho zuri, asije akaibandua njiani akidhani umekosea jicho. Mmoja alinirudishia plasta nzima akanihurumia, "Pole daktari, umechoka." Tulicheka sote wawili, kisha nikamchorea ubongo kwenye karatasi.

Yule mama wa Jumanne nimempigia simu. Mtoto ana wiki 5, wanafika kesho saa mbili asubuhi, na barua ya rufaa nimeshaiandika. Aliyempa ile tarehe ya mwaka aje akae nami chumbani, yeye ndiye atakayeshika tochi.