Katuni yetu ya bondia tunataka iwe muvi, hela hatuna

SWALI: Shikamoo kaka. Jamaa wa laibrari ya muvi hapa mtaani alinirushia kwenye flashi muvi ya zamani ya ngumi, Joe Palooka, Champ, mshkaji wangu akasema imetoka kwenye katuni ya gazetini, ni kweli? Maana na sisi tunayo katuni yetu, bondia anabeba viroba vya dagaa pale sokoni Mwaloni, jioni anapiga mazoezi. Tunataka tuishuti kwa simu ila ulingo hatuna, watu wa kujaza ukumbi hatuna, hela ndo kabisaa. Tutatoboa?
Msomaji, Igogo, Mwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mshkaji wako yuko sahihi, ile katuni aliianzisha Ham Fisher kwenye magazeti ya Marekani mwaka 1930, na palooka kwa lugha ya mtaani kule ni bondia wa hovyo wa kula ngumi tu, ila Joe wa Fisher ni bingwa tena mpole. Hiyo uliyoangalia ni ya 1946, walitengeneza Monogram, kampuni iliyojulikana kwa muvi za bei ya chini, na kuanzia hapo hadi 1951 zikatoka 11. Joe aliigizwa na Joe Kirkwood Jr., ambaye kwenye maisha yake alikuwa mcheza gofu wa kulipwa! Halafu wakamleta Joe Louis mwenyewe, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kipindi hicho, atokee kama yeye.

Hapo ndo pa kujifunza. Nyie tafuteni bondia wa kweli hapo hapo Mwanza awe mpinzani, na huyo muigizaji wenu akae gym miezi miwili kwanza, kwa sababu ngumi ya uongo unaweza kuificha kwa kamera ila miguu haifichiki, mtu asiyejua anakanyaga kama anapanda ngazi na kila anayependa ngumi anaona.

Ukumbi usikuumize kichwa. Shutini usiku, taa moja kali juu ya kamba, pembeni giza, washkaji sita wanatosha kuwa vichwa vinavyosogea, halafu siku ya mechi nenda uwanja wa CCM Kirumba na simu yako urekodi zile kelele za watu kabla ya goli, hizo ndo mashabiki wenu. Za Mwaloni zishutini asubuhi mapema, mchana upepo wa ziwa unaingia kwenye maiki na maneno yote yanapotea.

Pambano liwe moja tu, la mwisho. Mi kilichonishika kwenye zile muvi ni Knobby Walsh, meneja wake Joe, Leon Errol alimuigiza vizuri mno, vile anavyohangaika na kijana wake unasahau kabisa kwamba seti ni ndogo. Kwenu nani anamfunga huyu kijana bandeji? Mkono umevimba kwa kubeba viroba, harufu ya dagaa haijatoka, kocha anazungusha bandeji taratibu kati ya vidole na hasemi kitu. Hiyo haihitaji hata mia.

Na aliyechora, hata kama mmekua wote, andikishaneni kwenye karatasi kwamba ameruhusu katuni yake iwe muvi, asaini kabla hamjashuti, washkaji wengi wamegombana kwa hilo.

Anzeni na sini ya bandeji, mkimaliza nitumie niione hata kama ni dakika mbili.