Kabla ya kupandisha Debian 12 hadi 13, toa vya nje

Mtu akiniletea laptopu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, akitaka nimpandishie Debian (mfumo wa kuendeshea kompyuta, aina ya Linux) kutoka toleo la 12 hadi la 13, simuulizi kwanza habari ya bekapu, ingawa bekapu ni lazima. Namuuliza ameweka programu gani zisizotoka Debian. Mara nyingi hakumbuki, basi naingia mwenyewe kwenye folda ya /etc/apt/sources.list.d. Humo nakuta hazina (mahali mtandaoni pa kupakulia programu) za watu baki, zilizoongezwa siku alipofuata video fulani ili apate toleo jipya la programu ya muziki.

Debian wenyewe hawana pupa. Toleo la 13 lilitoka tarehe 9 Agosti 2025, na vifurushi vyake (faili za kusakinishia programu) vimejaribiwa pamoja: kila kimoja kinataja vingine kinavyovitegemea. Kifurushi cha nje mara nyingi huja na maktaba (vipande vinavyotumiwa na programu nyingi) zenye namba kubwa kuliko za Debian, na apt, amri ya Debian ya kusakinisha na kuondoa programu, ikifika hapo hulazimika kuchagua kipi kibaki na kipi kitoke. Halafu lawama zote ni za Debian! Zima hazina hizo, ondoa vilivyotoka humo, ndipo uanze. Mwenye 11 apitie 12 kwanza, kuruka toleo hakuruhusiwi.

Ukishabadilisha bookworm (jina la toleo la 12) kuwa trixie (jina la 13) kwenye orodha ya hazina, piga apt update, kisha apt upgrade --without-new-pkgs, na mwisho apt full-upgrade. Hii ya mwisho ina ruhusa ya kufuta. Kabla ya kukuuliza Y au n, hukuonyesha vitakavyoondolewa, na hapo ndipo pa kutulia usome jina moja moja. Maktaba kuukuu zenye namba kwenye majina yao zikitoka si neno, zimekuja nyingine badala yake. Ukiona gnome au xfce4 (programu za madirisha na menyu za skrini yako) unayoitumia imo, jibu n ukatafute kinachogombana nayo. Wengi hubonyeza Enter tu, na Enter hapo ni ndiyo.

Kwa wanaotumia bando: pakua kwanza kwa apt full-upgrade --download-only, usakinishe wakati mwingine. Faili za .deb hukaa /var/cache/apt/archives. Una mashine ya pili ya aina ileile? Zinakili kwenye flashi kabla hujasakinisha, maana apt ikimaliza huzifuta; apt-get, amri ya zamani ya kazi hiyohiyo, huziacha. Mashine hiyo ya pili itahitaji apt update yake, lakini hiyo hula bando kidogo.

Stima nayo. Ikipotea katikati ya kusakinisha, usikimbilie kufuta diski yote uanze upya. Washa, ingia kwa terminali, piga dpkg --configure -a, halafu apt --fix-broken install, na mara nyingi kazi huendelea pale ilipokatikia. Hata hivyo, desktopu isiyo na UPS (betri ya akiba) siigusi jioni. Na laptopu ambayo betri imekufa, kwangu mimi hiyo ni desktopu.