Pesa haijaonekana, usimwite mwizi

Dada, kama mteja wako wa Birere anaona Bitcoin zimetoka kwake na simu yako bado inaonyesha sifuri, usimwite mwizi kwanza. Programu yako ya kutunza Bitcoin kwa kawaida haisomi moja kwa moja mnyororo, yaani daftari la pamoja la miamala yote ya Bitcoin. Inauliza seva ya kampuni fulani, na seva iliyobaki nyuma hujibu habari za zamani. Tena bloku ya Bitcoin, yaani kundi la miamala linaloandikwa kwenye mnyororo, hutoka kila dakika 10 kwa wastani tu, pengine hata saa nzima, na muamala wa ada ndogo husubiri zaidi. Muombe namba ya muamala, uitafute kwenye tovuti mbili tofauti zinazoonyesha miamala ya Bitcoin. Ikionyesha uthibitisho 0, yaani muamala haujaingia kwenye bloku yoyote, tafadhali mzigo usiutoe: anaweza bado kuugeuza muamala ule. Kwa pesa nyingi, wengi husubiri uthibitisho 6, yaani bloku 6 ukianza na ile yenye muamala.